Leso Iliyorudi Imelowa

Kijiko kiligonga kitu.

Everlyne aliusikia mlio huo Jumanne asubuhi, jikoni kwake Malindi, alipokuwa akimlisha bintiye uji. Ulikuwa mlio mdogo, kama ukucha unapogonga kikombe. Akakiweka kijiko chini, akanawa mkono, akapitisha kidole kwenye ufizi wa Kahonzi. Ufizi wa chini ulikuwa laini, mtupu. Wa juu, upande wa kushoto, ulikuwa na ncha ya jino.

Akapapasa tena chini. Hakuna kitu. Akarudi juu. Jino lilikuwepo.

Kahonzi, miezi minane, alimng'ata kidole akacheka.

Everlyne hakuwa mtu wa kuyaamini mambo hayo. Alijua muuguzi wa kliniki angemwambia kwamba meno huota yapendavyo. Lakini alizaliwa Jilore, na alijua pia mtoto anayetanguliza meno ya juu anaitwaje kule. Anaitwa kigego. Wazee wa zamani walisema mtoto wa namna hiyo huja kuwamaliza watu wa nyumba yake, na kwamba haachwi akakua. Siku hizi wengi huyacheka maneno hayo. Wako pia wanaoyacheka mbele za watu, lakini mtoto mwenyewe hawamsahau.

Hilo peke yake lisingemkausha mate. Kilichomkausha ni kwamba Alhamisi mama yake, Kadzo, angefika kutoka Jilore kumchukua Kahonzi akakae naye wiki tatu. Gona, mumewe Everlyne, alikuwa Lamu kwenye mkataba wa barabara hadi Desemba, na kazi ya Everlyne mwenyewe haikumruhusu kwenda na mtoto. Mama alikuwa amejitolea bila kuombwa. Na Everlyne, kwa sababu ambayo hakupata kumwambia mtu yeyote, hata Gona, hakujua kama mama yake ni wa kuachiwa mtoto mwenye jino la juu.

Asubuhi hiyo alimpeleka Kahonzi kwa jirani, Mama Nahashon, aliyekuwa akimshikia mtoto, na ambaye Alhamisi angesafiri kwenda Magarini. Akamwambia mtoto ana vidonda mdomoni, asimpe kitu ila chupa.

"Vidonda? Mbona jana alikuwa akinila mashavu?" Mama Nahashon alicheka.

"Vimeanza leo," Everlyne akasema, akaondoka haraka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya filamu. Nayan, ambaye wazee wake walikuwa na duka la vitambaa mjini, alikuwa akipiga filamu ndani ya nyumba kuukuu ya bibi yake, Prabhavati, iliyokuwa imefungwa miaka mingi. Ilihusu mwanamke anayeanza, utu uzimani, kukumbuka jambo aliloliona akiwa mdogo, jambo ambalo jamaa zake wote wameshikilia kwamba halikutokea. Everlyne hakuigiza. Alikaa kando ya kamera na daftari, akiandika kila kitu kilivyo: kikombe kiko mkono upi, mlango umeachwa wazi kiasi gani, nywele zimeangukia bega lipi. Kipande cha leo kikija kuungwa na cha wiki ijayo, mtazamaji asione tofauti. Kazi hiyo hakuisomea popote. Aliijua kwa sababu jicho lake halikuwa jepesi la kusahau.

Jumatano walipiga kipande cha mama akitoka. Mwigizaji, Payal, alipita uani na mwanasesere aliyefungwa kwenye leso, akafungua mlango wa nyuma, akapotea. Walirudia mara nne. Kisha mafundi wakaanza kuihamisha kamera ili wapige kurudi kwake, na Nayan akauliza bila kugeuka, "Dada, anarudi vipi?"

Everlyne akasoma daftarini. Leso moja tu, begani, upande wa kushoto. Imelowa kutoka kwenye pindo hadi katikati. Matope mpaka vifundoni. Mikono mitupu. Hamtazami mtoto aliyesimama mlangoni.

Aliponyanyua macho, watu wote walikuwa wakimtazama.

Nayan alikuja, akalichukua daftari kwa upole, akasoma mwenyewe. "Kipande cha kurudi hatujakipiga bado," alisema. "Na kwenye hadithi yetu anarudi mkavu, na ndoo ya maji. Hii umeitoa wapi?"

Everlyne alisema amechanganya na filamu nyingine. Mwandiko ulikuwa wake, wino ulikuwa wa kalamu iliyokuwa mkononi mwake, lakini hakukumbuka kuandika. Nayan hakumshika kwa maswali. Alisema tu kwamba ameipenda kuliko yake, na kama Everlyne hana kinyongo, wataipiga vile. Basi ikambidi akae pale alasiri nzima akiangalia leso ikichovywa kwenye beseni, ikikamuliwa, ikirudishwa begani mwa Payal, mara tano.

Kufikia jioni hakuweza tena kujidai kwamba hakumbuki.

Alikuwa na miaka mitano. Alikuwa na mdogo wake, Sanga, wa miezi tisa au kumi. Hawe, mama yake baba, alimpakata Sanga, akampanua mdomo kwa vidole viwili, akaangalia muda mrefu. Kisha akamrudisha kwa mama bila neno. Siku ya pili yake, alfajiri, Everlyne aliamka akaona mama akitoka na Sanga mgongoni, leso mbili, moja ya kumbebea na moja ya kujitanda. Alirudi jua limepanda. Leso moja. Imelowa. Hawe alikuwa ameketi kizingitini. Alinyoosha mkono, akaishika ile leso, akaikamua kidogo, matone yakaanguka. Akaiachia, akaenda zake kupepeta mahindi.

Waliambiwa Sanga amekufa kwa homa. Hapakuwa na matanga. Everlyne hakuuliza, na kwa vile hakuna aliyemtaja Sanga tena, kadiri miaka ilivyopita alikuja kuona kama mtoto huyo alimwota tu.

*

Kadzo alifika Alhamisi saa sita, na kikapu cha maembe mabichi na kuku aliyefungwa miguu. Everlyne alimpa shikamoo, akaitikiwa, akapokea kikapu. Mama hakungoja hata maji. Alimnyakua Kahonzi kutoka mkekani.

"Haya, mke mwenzangu, umenitengea kitanda au nilale nje?"

Kahonzi alikuwa na chuchu ya mpira mdomoni. Everlyne aliinunua asubuhi hiyo, yeye ambaye siku zote alisema hazifai. Mama aliitazama, akasema watoto wa mjini wanazibwa midomo kama chupa za soda, lakini hakuitoa.

Everlyne alianza kueleza. Alisema mtoto amekuwa na joto usiku, huenda safari haifai. Alisema bosi amepunguza siku. Alisema labda angemwita dada yake Gona. Kila sababu aliyoitoa ilisimama peke yake, na zote kwa pamoja hazikusimama. Mama alisikiliza huku akimpapasa mtoto shingo. Shingo haikuwa na joto.

"Hutaki nimchukue," mama alisema.

"Sijasema hivyo, mama."

"Hujasema."

Kisha mama akafungua mfuko wake atoe nguo ya kumbebea, na Everlyne akaitambua kabla haijakunjuliwa. Ilikuwa leso nyekundu yenye michoro ya mikorosho, pindo jeusi, iliyochakaa hadi kuwa laini kama pamba. Jana alikuwa ameiona ikidondosha maji mbele ya macho yake, yaani mfano wake. Hii ilikuwa yenyewe.

Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Alipima hatua kutoka pale hadi alipo mtoto. Zilikuwa tatu. Mama aliuliza uji uko wapi. Everlyne akasema mtoto ameshakula. Mama akasema mtoto aliyekula hanyonyi mpira hivyo. Akaichomoa chuchu, akavuta bakuli lililokuwa juu ya meza, akachota.

Kijiko kikagonga.

Mkono wa mama ulibaki hewani. Hakumtazama Everlyne. Alikiweka kijiko bakulini polepole, akanawa kidole kwa maji ya jagi, akakipitisha chini, kisha juu, kisha chini tena, kwa mpango uleule aliotumia Everlyne siku ya Jumanne. Halafu akainuka na mtoto, akaenda kufunga mlango.

Everlyne alikuwa ameshasimama. "Mama, nipe mtoto."

"Nani mwingine ameona?"

"Nipe mtoto wangu."

"Everlyne, nani mwingine ameona hili jino?"

"Hakuna. Nipe."

Mama akampa. Alimpa mara moja, bila kuvutana, na mikono yake ilipobaki mitupu akaishikamanisha pamoja kama mtu anayehisi baridi. Everlyne akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Maneno aliyokuwa ameyameza miaka ishirini na minane yakatoka kwa sauti ndogo kuliko alivyotarajia.

"Sanga ulimpeleka wapi?"

Mama aliketi mkekani. Kuku aliyefungwa alipiga mabawa mara moja jikoni akanyamaza.

"Ulikuwa umelala," mama alisema. "Nilikuacha umelala."

"Niliamka. Nilikuona ukirudi. Nguo ilikuwa imelowa."

Mama alimtazama, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeonyeshwa kitu chake kilichopotea, kimevunjika.

"Niliilowesha mwenyewe," alisema. "Nilishuka mtoni, nikaichovya, nikakanyaga matope. Nilijua Hawe yako hataniuliza, ataishika tu. Nilitaka aishike. Sikujua na wewe unaangalia."

Mengine aliyasema kwa vipande, na Everlyne akayaunga kama alivyozoea. Mdogo wake mama, Pola, alikuwa akingoja kando ya njia. Sanga alifungwa kwenye leso ya pili, Pola akampakata, akapanda lori tupu lililokuwa likifuata mkaa Vitengeni. Ilikusudiwa iwe miezi miwili, mpaka meno ya chini yajae, kwani kinywa kikishajaa hakuna anayejua lipi lilitangulia. Lakini mama alikuwa ameionyesha ile nguo. Mtoto aliyekwisha kuaminiwa amekufa angerudi kama nani? Hawe aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo. Baba alikufa akiamini ni homa. Na huko Vitengeni mtoto alikwisha kupewa jina jingine, na akawa anamwita Pola mama.

"Jina gani?" Everlyne aliuliza, ingawa alikwisha kuanza kuhesabu miaka.

"Kombe," mama alisema.

Kombe alikuwa binamu yake, ingawa kwa desturi yao mtoto wa mama mdogo huitwa ndugu, na ndivyo alivyomwita siku zote. Kombe aliyefika kila Desemba na gunia la mihogo na utani mwingi. Kombe ambaye mama alimpakulia kwanza, kabla ya wanawe, hata Everlyne akiwa msichana alikuwa akinuna.

Alitaka kuamini. Lakini kazi yake ilimfundisha kwamba kipande hakiungwi kwa sababu unakipenda. Alitoka uani na mtoto mkononi, akampigia Kombe simu.

Kombe alipokea kwa kelele za shambani. "Dada wa mjini. Umeota au umekosea namba?"

Everlyne alimsabahi, akauliza hali ya mama mdogo, kisha akauliza kama mama mdogo ana leso nyekundu ya zamani, yenye mikorosho.

"Pindo jeusi?" Kombe akasema. "Iko sandukuni. Amefungia kadi yangu ya chanjo. Tukiigusa tunatukanwa mpaka vitukuu. Wewe uliionea wapi?"

Everlyne alimhamishia mtoto bega la pili. Angeweza kumwambia. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini lilikuwa la watu wawili wengine kabla ya kuwa lake, na mmoja wao, Pola, hakuwepo.

"Mama ana nyingine kama hiyo," alisema. "Nilikuwa nauliza tu."

"Basi mwambie mama Desemba nakuja, kuku asimalizwe."

Aliporudi ndani mama alikuwa ameikunja leso, ameirudisha mfukoni. Alisema Kahonzi asiende Jilore. Hawe hayuko, lakini wako waliojifunza kwake, na wana macho. Yeye mwenyewe angebaki Malindi wiki zote tatu, au nne, mpaka meno ya chini yatoke. Jirani akirudi ataambiwa mtoto ana tetekuwanga.

Everlyne alisikia jinsi uwongo ule ulivyotoka mdomoni mwa mama umenyooka, bila kukwaruza popote. Akakumbuka vidonda alivyovibuni Jumanne. Ulikuwa na umbo lilelile.

Ijumaa asubuhi alivaa, akachukua daftari, akasimama katikati ya chumba na Kahonzi kifuani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mama hakumharakisha wala hakunyoosha mikono. Alikaa mkekani na bakuli la uji, akingoja, kama mtu ambaye hana tena cha kuonyesha.

Everlyne akamweka mtoto mapajani mwa bibi yake.

"Nenda," mama alisema. "Nitafunga kwa ndani."

Alitoka. Nyuma yake komeo likasukumwa hadi mwisho. Alibaki pale barazani, mkoba begani, huku jua likianza kuchoma. Hakuondoka mpaka aliposikia kijiko kikigonga jino, mara moja, mara mbili, na mtoto akicheka.