Randa Mbili

Jumamosi mchana Mzee alikuwa na gundi ya mbao mpaka viwikoni, simu yake ikaita. Akaniangalia. "Vanishi, nishikie." Nikaweka brashi chini, nikamwekea simu sikioni, nikasimama pale kama stendi ya kipaza sauti.

Alikuwa mwanawe, yuko hotelini na timu ya taifa. Sisi wa karakana tunamwita Maranda, maana utoto wake wote alilala juu ya maranda, yale maganda mepesi yanayojikunja mbao inapopigwa randa, chini ya meza ya kazi ya baba yake. Na chenga yake aliipata humu humu. Anaweka unyayo juu ya mpira, anausukuma mbele, anaurudisha kidogo, anausukuma tena, vilevile Mzee anavyokwenda na randa yake juu ya ubao. Mtaa ukaibatiza jina hilohilo, randa. Imekalisha chini mabeki wengi wa hapa, na mimi nikiwa mmoja wao, mtu mzima na ndevu zangu.

Halafu akachukuliwa kwenda nje, na huko wakamgeuza namba sita. Kazi yake ikawa kusimama mbele ya mabeki, kunyang'anya, kutoa pasi fupi, basi. Wanamsifu sana huko. Sisi huku tulikuwa tunaangalia mechi zake kwenye simu tukisubiri kitu ambacho hakiji.

"Mwanangu," Mzee alimwambia, "miaka minne sijaiona randa. Kesho nipigie moja tu, niione kwa macho yangu."

Maranda akacheka. "Baba, kule nikithubutu nakalishwa benchi mwezi mzima."

"Kule ni kwao. Kesho uko kwetu."

"Haya, baba. Moja."

Na mimi, mdomo wangu huu ulioumbwa bila breki, nikainamia simu. "Piga mbili! Moja ya baba, moja ya mjomba wako Vanishi!"

"Sawa, mjomba," akasema. "Mbili."

Jumapili tulihitaji sare tu. Sare tu, jamani, na tunakwenda kwenye mashindano ambayo mimi tangu nizaliwe nayaona ya watu wengine. Mzee alivaa shati lake la harusi za watu. Tukakaa nyuma ya goli letu. Kwa dakika themanini uwanja ulimzomea Maranda. Akitoa pasi pembeni, wanazomea. Akirudisha kwa kipa, wanazomea zaidi. Jamaa mmoja nyuma yetu alikuwa anapiga kelele, "Mrudisheni alikotoka, huyu ametumwa kufagia!" Mzee hakugeuka.

Dakika ya themanini na saba, bila kwa bila, Maranda akaupata mpira mbele ya mabeki wetu. Mshambuliaji wao akamjia mbio. Nikaona unyayo unapanda juu ya mpira, na mwili wangu ukajua kabla ya akili. Akausukuma, akaurudisha, akausukuma tena. Yule mtu akapita na upepo, akaenda kukaa chini peke yake. Uwanja mzima ukasimama. Mzee akanishika mkono, kucha zikaingia. "Umeiona? Vanishi, umeiona?"

Njia ilikuwa nyeupe mbele yake. Pasi moja tu ilitosha, hata mtoto angeitoa. Lakini alisimama, akamsubiri mtu wa pili, na unyayo ukapanda tena.

Ya pili haikutoka. Mpira ukachukuliwa, ukawekwa wavuni, na sisi tukarudi nyumbani kwa miguu.

Jumatatu karakana ilijaa kama kuna msiba. Sponji, fundi wa makochi, alikuwa anapigilia kitambaa kwenye kiti kana kwamba kiti ndicho kilichofungisha. Mwalimu alikuja kuulizia rafu yake ya vitabu, akasahau kuiulizia. Mzee alikuwa kwenye meza yake, ametupa mgongo, anapiga randa ubao. Shwaa. Shwaa.

"Namba sita!" Sponji alisema, misumari mdomoni. "Mbele ya goli lake! Kule nje anathubutu? Si anakuwa mpole kama bibi harusi? Akija kwetu ndiyo anakumbuka maringo!"

"Tuwe wakweli," Mwalimu akasema. "Kule kocha wake amempa kazi moja na anaifanya vizuri. Sisi tunamtaka awe yule wa zamani, na awe yule wa kule, kwa mguu huohuo. Dakika themanini mlimzomea kwa kutopiga chenga."

"Sasa ndiyo azipige pale, Mwalimu? Pale?"

"Mwacheni," nikadakia. "Huko nje wamemfundisha kutoa pasi kwa kila mtu. Kwa kutobagua, sasa ametoa hata kwa wapinzani."

Wakacheka. Nilicheka kuwashinda. Maisha yamenipiga chenga nyingi, nimezoea kucheka nikiwa bado niko chini, ila siku ile nilikuwa naongea tu ili nisiulizwe kitu. Shwaa, ikaenda randa ya Mzee. Shwaa.

Redio ya Sponji ikaanza habari za michezo. Kocha amesema hatamwita tena Maranda. Halafu ikaja sauti ya Maranda mwenyewe, waliyoirekodi kabla hajapanda ndege ya alfajiri. "Ni kosa langu peke yangu. Nilijisahau. Naomba radhi."

Sponji akatema misumari. "Alijisahau! Watu milioni ngapi, yeye kajisahau!"

"Mzee," Mwalimu akasema taratibu, "huo si ubao wa rafu yangu?"

Sote tukageuka. Maranda yalikuwa yamemfika Mzee magotini. Ubao ulioingia asubuhi mnene kama kidole gumba ulikuwa umebaki mwembamba kama rula ya shule. Mzee akautazama, kana kwamba ameletewa na mtu mwingine. Akaweka randa pembeni.

"Hakujisahau," akasema. "Nilimwomba mimi. Jumamosi, kwa simu. Nilimwambia anipigie randa nione. Mtukaneni mimi."

Kisha Sponji akasogea, akamshika bega, sauti imelainika. "Mzee wangu, hata mimi ningekuwa baba yake ningejitwisha lawama hivyohivyo. Pole sana. Hatutamtaja tena hapa."

"Sikufichi, nakwambia kweli."

"Tunajua, Mzee. Tunajua." Akamkonyeza Mwalimu.

Mzee akanitazama. Nilikuwepo, simu niliishika mimi. Na hakunitaja. Angeweza kusema nusu ya pili ya habari, hakuisema.

"Ni kweli," nikasema. "Nilikuwepo. Baba yake alimwomba moja, na hiyo ilipita. Ya pili niliiagiza mimi. Nilimwambia, moja ya baba, moja ya mjomba Vanishi. Goli lile ni langu."

Sponji alinitazama sekunde mbili, halafu akaangua kicheko mpaka akashika kiti. Mwalimu naye akajaribu kujizuia, mabega yakamshinda. "Vanishi wewe!" Sponji akasema, anafuta machozi. "Hata kwenye msiba! 'Goli lile ni langu!' Tangu uanze kucheza mpira hujawahi kufunga, leo umefunga kwa simu!"

"Sitanii."

Wakacheka zaidi. Kadiri nilivyokunja uso ndivyo walivyozidi. Miaka yote nimewachekesha watu hawa. Siku moja tu niliyotaka waniamini, walikuwa wameshanizoea.

Simu ya Mzee ikaita juu ya meza. Jina la mwanawe likawaka. Mikono ya Mzee ilikuwa mikavu, misafi, haina hata tone la gundi. Akaiacha juu ya ubao ule mwembamba, akaniambia, "Nishikie."

Nikamwekea sikioni.

"Baba." Sauti ilikuwa ya mbali, na nyuma yake, kwenye uwanja wa ndege wa huko nje, watu wanatangaziwa safari. "Uliiona?"

"Niliiona, mwanangu," Mzee akasema. "Niliiona vizuri kabisa."

"Basi." Akavuta pumzi. "Mjomba Vanishi yupo?"

"Yupo. Ndiye kashika simu."

"Mwambie anisamehe. Ya kwake ilinishinda."