Gunia Lilelile

Nilijua kabla sijaliinua. Nilitia vidole ubavuni mwa gunia, pale katani ilipoachana kidogo, mchanga ukang'ang'ania kucha zangu kama ugali ambao haujaiva. Ulikuwa mbichi. Nikageuka kumtazama Elieth, aliyekuwa nyuma yangu kwenye mstari, anakaza kamba za buti huku anatabasamu peke yake. Na mdomo wangu, ambao kambi nzima iliuita redio, ukakosa neno.

Miaka ile biashara ya nafaka ilikuwa imefunguliwa, na sokoni Majengo palikuwa hapatoshi: kila mwenye kijibanda ni mfanyabiashara, mama yangu mmojawapo. Nimekulia juu ya magunia. Nilipoingia jeshini niliwachekesha wenzangu bwenini kwa visa vya sokoni, nani kamchukua mume wa nani, dalali gani anatembelea viatu vya marehemu. Kisa walichokipenda kuliko vyote ni cha mama kuyanyunyizia maji magunia ya karanga jioni, ili asubuhi mzani useme vizuri.

"Gunia likinywa," nilikuwa nikiigiza sauti yake, "linanenepa bila kula."

Elieth, binti wa mwalimu kutoka Mvumi, alicheka mpaka akashika mbavu. "Loisi, ipo siku mama yako atawauzia watu bwawa!"

Sisi wawili tulitaka kitu kimoja: kozi ya udereva wa malori. Pale kambini wanawake walipimwa kwa gunia la kilo thelathini, wanaume hamsini, na kila msichana aliyeshika usukani aliambiwa kapewa, hakushinda. Elieth ndiye aliyechoka kusikia hivyo. Alikwenda mbele ya Kapteni Anyitike, akapiga saluti.

"Afande, tunaomba tupimwe kwa gunia moja na wanaume."

Kapteni aliitikia saluti. "Sawa. Lakini siku hiyo nisisikie mgongo, nisisikie tumbo, nisisikie gunia. Kelele moja tu, mnarudi jikoni wote, na habari ya wanawake na malori inaishia hapo."

Wanaume walipimwa Alhamisi, jua likiwa limeukausha mchanga mpaka unamwagika kama unga. Magunia yakaachwa palepale uwanjani. Alfajiri ya Ijumaa ikashuka mvua ya kwanza, ile ambayo wakulima kuanzia Chamwino mpaka kwao Elieth walikuwa wameikodolea macho mwezi mzima. Tulipopanga mstari, jua lilikuwa limesharudi. Ardhi imekunywa yake, katani imekauka kwa juu. Ungedhani hakuna kilichotokea.

Gunia begani, uwanja mara mbili, kisha ulipakie kwenye lori. Ndio mtihani wenyewe.

"Leo tutajua nani kaja kubeba mchanga na nani kaja kubebwa!" walipaza sauti wanaume waliojipanga ukutani.

"Afande," nilisema.

Kapteni akageuka. "Gunia lina tatizo?"

Koplo Matonya, mwenye daftari la majina, alishaanza kutabasamu. Nikisema, namzikia Elieth ombi lake kwa mdomo wangu mwenyewe, na langu pamoja nalo. Nisiposema, gunia litamzikia. Mbele ukuta, nyuma ukuta.

"Hapana, afande."

"Gunia ni lilelile," alisema. Na kweli lilikuwa lilelile.

Nililipandisha kama wachukuzi wa Majengo walivyonifundisha: goti, nyonga, bega. Sikutembea, nilijikokota. Maji mekundu yalinichuruzika shingoni, nikaomba Mungu mtu mmoja tu ayaone. Walidhani ni jasho.

Elieth alimaliza mzunguko wa kwanza. Wa pili, akiwa amebakiza hatua kumi hivi afike kwenye lori, nguvu zilimwisha, akapiga magoti taratibu, kama mtu anayemwamkia mkwe. Hakulia. Alifungua kiganja, akautazama ule utope. Kisha akanitazama mimi.

"Si aliyataka mwenyewe?" alisema Koplo, akichora mstari juu ya jina lake.

Nimesimulia mengi maishani. Nyumba yangu haikosi wageni, na wageni wangu hawakosi habari. Hii sijawahi kuitoa sebuleni.

Mimi nilipata kozi. Elieth alipelekwa jikoni. Mwaka uliofuata ndimi niliyekuwa nikileta posho kambini: kila Jumanne, magunia ya unga, kilo hamsini hamsini. Aliyeyapokea ni yeye. Anasimama nyuma ya lori, anageuza bega, nasukuma gunia, analichukua mpaka stoo, anarudi. Kumi na manne. Hakuna mwenye daftari, hakuna wa kupiga makofi. Mimi naongea tu: Koplo Matonya kachumbia, mchumba kamkimbia na pete. Yeye anaitikia, "Ehee," kwa adabu, kama mtu na mgeni wa jirani.

Siku moja niliona anahema. Nikaruka chini, nikataka kumpokea.

"Shoga, acha nikusaidie. Haya ni mazito."

Aliliweka sawa begani, akaukwepa mkono wangu.

"Si mazito, Loisi," alisema. "Haya makavu."

Akaingia nalo stoo.