Sakafu ya Banda la Delmar

Mume wangu, Delmar, alitengeneza matrekta ya watu kwa miaka sita ndani ya banda letu la nguzo, amelala chali juu ya udongo. Nanyi mnajua baridi ya Januari huku Minnesota ilivyo. Alikuwa akirudi ndani magoti yamekakamaa, hata viatu namvua mimi. Mwaka ule nikasema basi: kabla theluji haijaanguka, banda litawekwa sakafu ya zege, na chini yake kinga ya baridi.

Lori la zege tuliliagiza lije Jumamosi. Jumatano Delmar akateleza ngazini, akavunjika mkono. Alhamisi mvua ikanyesha kutwa, maji yakapenya chini ya mlango mkubwa. Ijumaa asubuhi nilikuwa humo peke yangu na koleo, matope hadi kwenye vifundo vya miguu, machozi yananitoka.

Mara likaingia trekta limebeba kokoto, na juu yake Orrin Skogstad. Jirani huyu tulikuwa hatujasemezana naye miaka minne, tangu ng'ombe wake walipovamia mahindi yetu na Delmar akamwita mzembe mbele ya kanisa zima.

"Weka koleo chini, Verna," akasema. "Unajenga sakafu au unachimba kisima?"

"Nani kakuita?"

"Mumeo. Kapiga simu alfajiri, kaniomba radhi. Ungemsikia! Kama anang'olewa jino. Kisha ndipo akaomba kokoto."

Nilicheka huku nalia. Delmar alikuwa amesimama mlangoni, mkono umefungwa shingoni, anakodolea macho paa.

Tukakokota matope nje, tukamwaga kokoto, Orrin akazishindilia kwa mashine yake. Juu tukatandika nailoni nene ya kuzuia unyevu, kisha mabamba ya povu gumu ya kuzuia baridi, na mengine tukayasimamisha pembeni kuzunguka kuta, maana baridi hupenda kuingilia ubavuni.

"Hapo pana mwanya!" Delmar akapaza sauti. "Pakipita kidole, baridi itapita na ukoo wake wote!"

"Kelele, bwana mkubwa. Njoo uzibe kwa pua yako," Orrin akamjibu.

Delmar akacheka. Akaja, akapiga goti, akashika utepe wa gundi kwa mkono wake mzima, Orrin akaubandika. Jioni, wavu wa chuma ulipokwisha kulazwa, tulikula viazi na nyama ya kusaga vya kuoka. Delmar alianza kuombea chakula, katikati akamgeukia Orrin. Orrin akaimalizia sala mwenyewe.

Kesho yake lori lilikuja, zege likamiminwa, na adhuhuri sakafu ilikuwa imesawazishwa kama maji ya ziwa. Orrin akaondoka kimyakimya, sijapata hata kumshukuru.

Jumapili nikamtafuta baada ya ibada, nimebeba pai ya tufaha. "Orrin," nikasema, "asante."

Akaipokea, akainusa. "Mwambie Delmar ndoano zangu ziko tayari," akasema. "Ziwa likishaganda, nampitia twende tukatoboe barafu, tuvue samaki."