Maji Baridi ya Meza ya Nne

Mbio zilipangwa kuanza saa moja asubuhi, jua likiwa bado linapiga mswaki. Zikaanza saa tatu na nusu, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa hajafika, na inaonekana watu hawawezi kuchangia mashine ya oksijeni ya watoto wachanga bila mtu mwenye tai kupuliza filimbi. Kwa hiyo wakimbiaji mia mbili na ushee walisimama uwanjani wakiivishwa taratibu kama mihogo. Kinyozi, aliyepewa ukuu wa mbio kwa sifa moja tu, kwamba ndiye mwenye kipaza sauti, aliwatuliza kwa kuwaambia jua ni vitamini.

Fundi hakuyasikia hayo. Yeye alikuwa kilometa ya saba, meza ya nne ya maji, chini ya mwavuli uliokuwa na tundu mahali pale pale penye kichwa chake. Huyu Fundi ni fundi cherehani, mwanamke mwenye sindano tatu ukosini wakati wote na jibu moja mdomoni wakati wote. Ndiye aliyeshona namba za wakimbiaji, tena kwa mabaki ya mapazia, ndiyo maana nusu ya mbio ilikuwa na maua kifuani. Namba arobaini na moja, yenye waridi kubwa jekundu, ilikuwa ya baba yake.

Mzee alikuwa mpeleka barua kwa miaka thelathini na moja, kwa miguu, na mpaka leo watu wanamwita Posta. Alipojiandikisha, Fundi alimfuata barazani.

"Baba, umri huo, kilometa kumi?"

"Sikimbii mimi. Napeleka haraka."

Ungebishana naye kwa lipi? Asubuhi ya mbio Fundi mwenyewe ndiye aliyembania namba kifuani kwa pini nne, na alipokuwa anabana pini ya mwisho akasema maneno ambayo baadaye angetoa cherehani yake ayarudishe: "Usijijaze maji ya uvuguvugu kwenye meza za wenzangu. Subiri yangu. Yangu yatauma meno."

Na kweli yaliuma meno. Tatizo halikuwa baridi.

Mke wa kaka yake Fundi anauza samaki, na ana friza kubwa ambayo ng'ombe angeweza kulala humo akajinyoosha. Siku moja kabla ya mbio Fundi alimpelekea chupa zote za meza ya nne.

"Yalaze humo mpaka asubuhi," alisema.

"Wifi, haya yatakuwa mawe."

"Wewe shughulika na samaki. Maji niachie mimi. Jua litayalegeza."

Lingeyalegeza, kama Fundi angeyaacha juani. Lakini aliogopa yasije yakapoteza ubaridi, akaenda kwa seremala akaomba magunia mawili ya unga wa mbao, akazizika chupa humo kama wauza barafu wa zamani, na juu akafunika blanketi. Kazi safi. Mtu akifanya kosa kwa bidii namna hiyo, hata shetani humpisha.

Wakimbiaji wa kwanza walipofika, saa nne, Fundi alifukua chupa kwa mbwembwe. Kijana wa mbele aliidaka, akafungua kifuniko kwa meno, akainamisha. Hakikutoka kitu. Akatikisa. Akaipigisha ukingo wa barabara, ko ko ko, kama anavunja nazi.

"Mama, hili ni jiwe."

"Lambalamba hivyo hivyo," Fundi alisema, uso umemshuka.

Wengine waliondoka wamejiwekea chupa kisogoni. Mmoja, mwalimu wa hesabu, alisimama akaitazama ya kwake kwa huzuni, akasema amewahi kuona maji yenye chumvi na maji yenye tope, ila maji yenye kiburi ndiyo mara ya kwanza. Wifi mtu alikuwa pembeni amekaa juu ya kreti. Hakusema nilikwambia. Alisonya tu, msonyo mrefu ambao ulianza meza ya nne ukaishia kilometa ya nane.

Basi walicheka kidogo, wakapanga chupa juani, wakangoja. Wakimbiaji wakapungua, wakawa wanatembea, wakawa wanajikokota. Lami ilianza kulainika ikawa inashika soli. Fundi alikuwa akihesabu vifua. Thelathini na tisa alipita. Arobaini, yule muuza vocha, alipita. Arobaini na mbili alipita analia bila machozi.

Halafu akatokea Fagio. Huyu ndiye mwenye baiskeli ya mwisho, aliyefunga fagio nyuma ya kiti ili watu wajue kwamba baada yake hakuna tena mkimbiaji. Alikuja polepole, peke yake.

Fundi alitazama nyuma ya baiskeli. Barabara ilikuwa tupu, inatetemeka kwa joto.

"Baba yangu yuko wapi?"

"Posta?" Fagio akashusha mguu. "Si kapita?"

"Hajapita."

"Meza ya tatu alikuwepo. Walimpa kikombe, akakataa. Alisema binti yake kamwekea ya baridi."

Fundi alishika meza. Meza ya kwanza, ya pili, ya tatu: baba yake alikuwa mtu wa kushika neno, na neno lenyewe alipewa na mwanawe.

"Baada ya hapo?"

"Pale kwenye duka la dawa aliacha barabara, akakata kushoto. Nikamwita, mzee, njia ni huku. Akaniambia hawezi kuja, ana moja ya rejista." Fagio akajikuna. "Nikajua utani, nikadhani kakata njia ya mkato atatokea mbele. Si unajua mzee wako kwa utani."

Hakuwa anatania. Barua ya rejista ni ile ambayo huitupi chini ya mlango ukaenda zako. Unaipeleka mkononi mwa mwenyewe, na mwenyewe anatia sahihi. Baba yake alikuwa amestaafu miaka saba, na hakuwa na barua yoyote. Jua lilikuwa limemwingia kichwani likakaa kwenye kiti cha mkuu wa posta.

Fundi alimpigia Kinyozi. Simu ikajaa muziki. Gari la wagonjwa lilikuwa moja, Kinyozi alisema, na limeondoka na dada aliyezimia kilometa ya tisa, likirudi tu atalituma, ila alitume wapi?

"Sijui wapi," Fundi alisema. Halafu akakumbuka.

Alipokuwa na miaka tisa, likizo zote alizunguka na baba yake, ameshika kamba ya mkoba. Ukikata kushoto kwenye duka la dawa unaanza na nyumba ya mkunga. Kisha akina dada wawili wasiosemezana, kila mmoja na sanduku lake. Kisha nyumba ya mbwa. Mwisho kabisa, baada ya kupanda kilima, geti la bluu, kwa bibi mmoja ambaye mwanawe alikuwa akimwandikia kutoka melini. Pale ndipo barua za rejista zilipoishia.

"Mwambie geti la bluu, kilimani. Mzee yeyote anapajua," alisema, akavuta chupa mbili juu ya meza, akazifunga kwenye mtandio wake.

"Wifi, hayo hayanyweki," wifi mtu alisema.

"Najua."

Alikimbia. Miaka yote ile ya kukanyaga cherehani ilikuwa imempa vifundo imara lakini haikumpa pumzi, na kandambili zilikuwa zinamchapa visigino kama mwalimu wa zamu. Kwa mkunga, ambaye alikwisha kufa, mkwe wake alikuwa anaanika nguo.

"Mzee mwenye ua kifuani? Kabisha hapa. Kaniambia leo hatuna kitu, akaomba radhi."

"Alikuwaje?"

"Mkavu. Hana hata tone la jasho. Nilishangaa, na jua hili."

Fundi hakungoja aseme nyongeza. Kwa akina dada wawili kulikuwa na mmoja tu siku hizi, naye alisema mzee amegonga hata sanduku la yule aliyekufa. Kwenye nyumba ya mbwa, mbwa alikuwa mwingine lakini kelele ni zile zile, na pale getini palikuwa na kiatu kimoja cha raba. Cha kulia. Fundi alikiokota, kilikuwa kimeungua chini, na tangu hapo hakuuliza mtu tena.

Kilima kile kilikuwa hakina mti hata mmoja. Alipanda akihesabu hatua ili asifikirie. Alifikiria. Alifikiria namna atakavyowaambia ndugu zake kwamba baba kafa kwa kiu, na meza ya maji ilikuwa ya nani? Ya Fundi. Na maji yalikuwepo? Yalikuwepo, mengi.

Geti la bluu halikuwepo. Nyumba ilikuwa imebomolewa, na kiwanja kizima kilizungushiwa mabati mapya yaliyokuwa yanarudisha jua usoni kama kioo. Na pale kwenye mabati alikuwa baba yake, mguu mmoja peku, anayapapasa kwa viganja vyote viwili, kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, kama kipofu anayetafuta kitasa. Namba ilikuwa haipo kifuani. Ilikuwa mkononi, imekunjwa vizuri mara tatu.

"Baba."

"Wamehamisha geti," alisema. Ulimi wake ulikuwa mzito. "Miaka yote lilikuwa hapa."

Alimgusa bega. Lilikuwa la moto kama pasi, na kavu.

"Baba, ni mimi. Njoo kivulini ulale."

"Siwezi kulala na rejista mkononi, mama. Wewe ni nani wake?"

Alimtazama mwanawe kwa adabu, adabu ile ya kazini aliyokuwa akiwapa watu asiowajua, na hiyo ilimkata Fundi kuliko kama angempiga kofi. Alijaribu kumvuta. Mzee alijikaza, akayakumbatia mabati, na viganja vyake vilikuwa vinaungua pale pale Fundi akiona.

"Mimi ndiye mwenyewe," Fundi alisema.

"Mwenyewe ni bibi."

"Bibi kaniachia nipokee. Lete nitie sahihi."

Mzee akafikiri. Unaweza kusema watu wengi wamewahi kuokolewa na dawa, na wengine na dua. Huyu alining'inia kwenye utaratibu wa posta. Mwishoni akamnyooshea kile kitambaa cha waridi. Fundi akachomoa sindano ukosini, na kwa kuwa hakuwa na kalamu, akajichoma kidole, akachora herufi za jina lake kwa damu kwenye kona ya pazia.

"Vizuri," baba yake alisema. "Asante kwa kutumia huduma yetu." Na magoti yakamwishia.

Alimburuta mpaka kwenye kivuli chembamba cha lundo la matofali. Akamwekea chupa moja shingoni. Ya pili hakujua aiweke wapi. Aliisogeza kifuani, tumboni, kichwani, kama mtu anayetafuta mtandao. Macho ya mzee yalikuwa yamegeuka meupe. Fundi alimwita baba mpaka neno likapoteza maana.

Ndipo ikasikika baiskeli inapanda kilima, inalalamika. Fagio alikuwa anasukuma, na kwenye kiti cha nyuma lilikuwepo gunia la unga wa mbao lenye chupa zilizobaki, na nyuma ya gunia wifi mtu, anasukuma gunia kwa tumbo.

"Sogea," alimwambia Fundi. "Si hivyo. Mwili wenye moto haupozwi juu juu." Akapiga magoti, kisha akasita, mikono hewani. Huyu ni mkwe wake. Hajawahi hata kumpita mbele na kichwa wazi. "Baba, unisamehe," alisema, akafungua vifungo vya shati. "Nimewapanga samaki miaka kumi na miwili. Kwapani. Hapa kwenye mapaja, mfunike na mtandio. Shingo pande zote mbili. Zungusha kila chupa nguo, isiguse ngozi. Fagio, mpepee."

"Nimpepee kwa nini?"

"Kwa fagio."

Wakampanga. Fagio akapepea. Fundi alishika mkono wa baba yake na kuusikiliza kama mtu anayesikiliza ukuta. Muda ulipita, au haukupita. Mara moja mzee alitapika kidogo, wakamgeuza ubavu. Mara moja akakoroma kwa namna ambayo wifi mtu aliacha kupanga chupa, akamtazama Fundi, halafu akaendelea kupanga.

Kisha kidole gumba kikasogea. Kisha jicho. Mzee alijiangalia, amezungushiwa chupa pande zote, unga wa mbao mpaka ndevuni.

"Binti yangu," alisema.

Fundi akampangusa unga ndevuni.

"Mbona wifi yako ananiuza?"

Wifi mtu akageuka upande, akajifuta uso kwa kiganja chenye harufu ya samaki.

"Maji," mzee alisema. "Uliniahidi."

Fundi alichukua chupa baada ya chupa, akainamisha. Mawe, mawe, mawe. Chini, mtaani, king'ora cha gari la wagonjwa kilikuwa kinaulizia njia. Akachomoa ile iliyokuwa kwapani kwa baba yake tangu mwanzo. Hiyo ilitikisika. Ndani yake, juu ya barafu, kulikuwa na vidole viwili vya maji, yaliyoyeyushwa na moto wa mwili wake mwenyewe.

Akamwinua kichwa, akamnywesha kwa kifuniko, tone kwa tone. Mzee alifumba jicho moja.

"Yanauma meno," alisema.