Ukuta Unakohoa

Fundi cherehani alikuwa na mazoea yake kazini: kila kifurushi cha nguo akikifunga, huandika juu yake kilichomo ndani. Suruali, kupunguza kiuno. Gauni, zipu mpya. Mteja akifika haulizi, anachukua chake na kwenda zake. Basi alipomaliza mswada wake wa filamu, ambao aliuandika kwa kuiba muda kati ya mshono na mshono, aliuandika juu vivyo hivyo: Dada Wawili Wapatana.

Mtayarishaji wa filamu alisoma jina, akauweka mswada mezani bila kuufungua.

"Mwishoni wanapatana," alisema.

"Ndiyo."

"Basi nimeshaiona, binti. Mimi huanza kwa kubahatisha mwisho. Nikiupata, sisomi. Kesho asubuhi nachagua mswada mmoja tu. Niletee jina jingine, la sivyo uchukue mzigo wako."

Fundi alirudi nyumbani uso umemshuka. Alimkuta bibi yake jikoni akimenya vitunguu, machozi yakimtiririka.

"Karibu tulie wote, mjukuu wangu. Wewe mwenzangu unalia nini?"

Alipomweleza, bibi alicheka hadi kisu kikamponyoka.

"Kumbe umetega kitendawili ukakitegua mwenyewe. Sasa watu wafanye nini, wapige makofi? Vuta kigoda, nitegee majina."

"Machozi ya Dada."

"Analia. Jingine."

"Siri."

"Mji nakupa, tena bure, na jibu lako kaa nalo. Jingine."

"Moyo Uliovunjika."

"Huo ulivunjika tangu mimi kigori, na gundi hawajapata."

Fundi akanuna. Tayari aliuona mswada wake ukioza chini ya rundo la vitambaa, na yeye akizeeka na zipu za watu.

"Labda hadithi yenyewe ndiyo mbovu, bibi."

"Nani kasema? Fumba macho. Usinipe mwanzo wala mwisho. Unaona nini?"

Fundi akafumba. "Chumba. Dada mkubwa kalala peke yake. Hasemi na mdogo wake, na nyumba zao zimepakana. Kila usiku anausikia ukuta unakohoa."

Kisu kilinyamaza.

"Unakohoa?"

"Ndiyo."

"Halafu siku moja usikohoe?"

Fundi akafumbua macho. Bibi alikuwa amemwinamia, kitunguu mkononi, pumzi kaibana.

"Sikwambii," alisema fundi polepole.

"We mtoto una roho ngumu. Kafa? Nijibu, nisije nikaunguza chakula cha watu."

Fundi alikwenda kutafuta kalamu.

Asubuhi alisimama mbele ya meza ya mtayarishaji. Yule bwana alisoma jina jipya. Akafungua kinywa abahatishe kama kawaida yake, akakifunga.

"Vichekesho au msiba?"

Fundi alijiuma ulimi. Jibu lilikuwa limemfika midomoni, akalimeza.

Mtayarishaji akamtazama kidogo, kisha akafungua ukurasa wa kwanza. Karani alichungulia mlangoni kusema wageni wamefika. Akaonyeshwa kiganja kwamba wasubiri. Ukurasa ukageuzwa. Mwingine ukageuzwa.

"Kaa chini, binti," alisema yule bwana bila kuinua kichwa. "Unanizibia mwanga."