Kanzu Nyeupe, Shati la Kijivu

Bi Muzna hakuwa na ugomvi na mtu yeyote mtaani Kajificheni, ila na ukuta wake mwenyewe. Masika yaliyopita lipu ya ukumbini, ghorofa ya kwanza, ilimomonyoka yote, kutoka kwenye boriti mpaka sakafuni, yakabaki mawe matupu yanamtazama. Mwanawe Hisham alikuja kutoka Mpendae, akasimama katikati ya kifusi na viatu vyake vinavyong'aa, akatoa kauli. Nyumba itatengenezwa, lakini ukuta ukidondoka tena, hata kipande cha ukubwa wa andazi, mama anahamia Mpendae kwenye vyumba vya marumaru, na hii nyumba inafungwa.

Bi Muzna alikubali, naye akatoa sharti lake: ukuta upigwe kwa chokaa na udongo mwekundu kama ulivyopigwa zamani, usitiwe saruji hata kijiko. Nyumba ile kazaliwa ndani yake, kazalia ndani yake, na hakuwa na nia ya kuzeekea kwenye marumaru. Tena alikuwa kashaona ya jirani yake, Bi Zeyana, aliyepigiwa ukuta wa saruji ukawa mzuri kama keki ya harusi. Mawe ya zamani hunywa maji, kisha huyatoa taratibu. Saruji ikayaziba pumzi, na mvua ya pili tu keki yote ikashuka kitandani kwa Bi Zeyana. Kwa hiyo saruji maana yake ukuta kudondoka, na ukuta kudondoka maana yake Mpendae. Kulijua hilo Bi Muzna hakuhitaji kupita darasa la saba.

Fundi aliyeletwa na Hisham alikuwa Mjaka, Mtumbatu mwenye viganja vipana na ulimi mtamu. Walipatana tangu siku ya kwanza kwa sababu ya vitendawili. Yeye juu ya jukwaa na mwiko wake, Bi Muzna chini anachagua mchele, wanategeana mpaka adhuhuri. Mjaka alikuwa hashindwi. Ukimtegea, jibu unalipata kabla hujafunga mdomo.

Ilipoingia wiki ya tatu mambo yakageuka. Chokaa ina uvivu wake, hukauka ikitaka yenyewe. Ukuta huu ulipigwa Jumatatu, Jumatano ukawa mgumu kama uso wa karani. Bi Muzna alipitisha ncha ya kisu, kisu kikateleza. Na Mjaka, aliyezoea kuimba toka asubuhi, siku mbili hizo alikuwa hata kukohoa anakohoa kwa adabu. Bi Muzna akavuta kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, akakaa.

"Kitendawili."

"Tega," alijibu Mjaka bila kugeuka.

"Bwana harusi wangu kavaa kanzu nyeupe, ndani kavaa shati la kijivu."

Mwiko ulisimama hewani. Mjaka aliziangalia boriti moja moja kama mtu aliyetumwa kuzihesabu, kisha akasema hicho hakijui.

"Basi nipe mji."

Anayeshindwa hutoa mji, ndiyo desturi, na mji anauchagua mwenyewe. Wapo wanaotoa Makka, wapo wanaotoa London, na wapo wachoyo wanaotoa Kidichi. Mjaka, mawazo yake yakiwa kwingine kabisa, alitoa Mpendae.

Bi Muzna aliutafuna mji ule kidogo kabla ya kuumeza.

"Nimeupokea. Nimekwenda Mpendae, nimekula, nimekunywa, na nimemkuta mwanangu Hisham kakalia mfuko wa saruji."

Mjaka aliteremka jukwaani. Alisema tu kwamba aliyempa kazi ndiye aliyempa na maneno ya kusema, akaomba maji ya kunywa.

Sasa Bi Muzna alijua, lakini kujua ni jambo moja na kumgeuza Hisham ni jambo jengine. Hisham hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuamini kitu chochote kilichoandikwa juu ya mfuko. Angeambiwa, angemwonyesha mama picha za maghorofa kwenye simu, angemwita "mama yangu kipenzi" mara tatu, na saruji ingebaki pale pale mpaka masika.

Alhamisi akaja Wanu, mkewe Hisham, na bakuli la samaki wa kupaka. Wanu ana miaka arobaini na tatu. Binti yake Nadra yuko kidato cha nne, na mwanawe Mabrouk kashampita baba yake kwa urefu. Bi Muzna alimtuma ghorofa ya juu akachukue sinia, na sinia likachelewa. Ukuta wa ngazini ulikuwa haujaguswa na fundi, bado ni chokaa na udongo wa zamani, na ukipata unyevu hunuka kama mvua ya kwanza. Wanu aliposhuka alikuwa na vumbi jekundu kwenye ncha ya pua na weupe pembeni mwa mdomo.

"Kitendawili," alisema Bi Muzna, macho kwenye samaki.

"Tega, mama."

"Mgeni kaingia bila ya hodi, na kila mwezi anasogeza ukuta."

Wanu alijifunika uso kwa kanga. Nyuma ya kanga ile alikuwa analia au anacheka, au yote mawili.

"Mama, usimwambie mtu. Nadra anafanya mtihani, na mie ndo kwanza nnatapika."

"Hisham je?"

"Hajui. Anadhani nimechukia rangi mpya ya nyumba. Na kweli nimeichukia. Kule Mpendae kila kitu kinanuka dawa."

Bi Muzna alimenya kitunguu kizima. Kisha akamsogezea mkamwana wake kigoda, akamweleza jambo. Wanu alicheka mpaka akashika nguzo.

Ijumaa, baada ya sala, Hisham alifika na kanzu yake iliyopigwa pasi. Akatoa shikamoo, akapewa marahaba, akausifu ukuta wa ukumbini. Hakuuliza kwa nini una unyevunyevu, wala kwa nini wa ngazini nao umelowa. Bi Muzna alikuwa kashapita na kitambaa cha maji kila mahali.

Walikula pilau vizuri. Mama akamimina chai. Hapo Wanu akainuka, akaenda akaunusa ukuta wa ukumbini, akakunja uso. Akavuka mpaka ngazini, akaegemeza pua kwenye ukuta wa zamani, akafumba macho.

"Wanu, unafanya nini?"

"Nnanusa. Huu una harufu. Huo wako hauna kitu, kama sahani iliyooshwa."

Hisham alianza kucheka. Kicheko kikamfia katikati. Ukuta wa baba mkwe wake kule Tumbatu una tundu mpaka leo, na tundu lile kalilamba Wanu alipokuwa na mimba ya Nadra. Akaweka kikombe chini pole pole.

"Mara ya mwisho kunusa ukuta ilikuwa lini?"

"Kabla ya Mabrouk."

Hisham alitazama vidole vyake, akaanza kuvihesabu, akakosea, akaanza upya. Bi Muzna alimwongezea sukari bila ya kuulizwa. Wanu, akiwa pale pale ngazini, alisema kwamba Mpendae harudi. Atakaa hapa kwa mama mpaka ajifungue na arobaini yake ipite, kwa sababu hapa ndipo anapovuta pumzi. Ila ukumbini hatokaa, ukuta ule unamkaba.

"Usihangaike," alisema Hisham, kakurupuka, jasho linamtoka. "Kesho Mjaka ataibandua saruji yote."

Bi Muzna aliweka birika chini.

"Saruji gani, mwanangu?"

Hisham alimtazama mama, akamtazama mke, kama golikipa aliyefungwa na hakuona nani kapiga. Halafu akaanza kucheka mwenyewe, kicheko cha kushindwa, na safari hii hakikukatika.

Jumamosi Mjaka alibandua ukuta ule huku anaimba kwa sauti ya kusikika mitaa miwili, na Hisham akashusha kifusi kwa ndoo, ngazi baada ya ngazi, bila ya viatu. Uani chokaa ililowekwa kwenye pipa, ikaachwa iamke kwa wakati wake. Bi Muzna alimwekea Wanu sheria: kunusa ruhusa, kulamba hapana. Na kwa vile Hisham hakuwa tayari kulala Mpendae peke yake na watoto wanaomcheka, mwezi uliofuata, ukuta mpya ukiwa umepigwa na haujakauka hata nusu, alionekana anapanda ngazi na godoro kichwani, linayumba huku na kule.

"Taratibu hapo kwenye kona ya ukumbi," Bi Muzna alimwambia kutoka juu. "Chokaa bado mbichi."