Tupa ya Fundi Husseini

Mwishehe hakuwa na mguu wa kulia wa kutegemea, tangu gogo la mvule limwangukie. Hakuwa na mtoto wa kumvutia mivukuto. Hakuwa na cheti, isipokuwa kile cha kisomo cha watu wazima. Tangu watu wahamishiwe kijiji kipya huku Kurui hakuwa hata na wateja, maana barabara ilibaki kule mahameni, kijiji cha zamani. Na mwaka ule wa 1975 hakuwa na chuma cha maana.

Alichokuwa nacho ni tangazo. Karakana mpya ya zana, Kongowe ya Kibaha, ilitafuta fundi mkuu wa visu. Kila mhunzi apeleke kisu kimoja, na barua ya kueleza chuma alichochagua na kwa nini. Akiikosa nafasi hiyo, kilichobaki ni jembe katika shamba la kijiji, na kwa mguu ule angelima nini?

Nondo aliikataa siku ya kwanza. Kwenye jiwe la kusagia ilitoa cheche chache, ndefu, zisizopasuka. Ni chuma laini, hata ukikitia maji namna gani hakikamati makali. Springi ya lori ilitoa cheche zenye matawi. Kisu chake kilipinda na kurudi, kikapasua mfupa wa ng'ombe bila kutoka pengo, ila baada ya kukata kamba ya katani mara arobaini kilianza kuteleza. Mwishehe alitaka mara mia. Kwa hilo alihitaji chuma kigumu cha tupa ya kunolea.

Tupa aliijua ilipo. Katika ukoo wao wa wahunzi, fundi akifa tupa yake huchomekwa kichwani mwa kaburi, na haiguswi. Fundi Husseini, aliyemfundisha kazi, alizikwa mahameni. Mwishehe alijiambia kwamba kijiji kimehama, basi na mwiko umehama. Akaenda asubuhi, jua linawaka, akaing'oa. Ilikuwa imenyeshewa miaka tisa, lakini haikuwa na kutu hata chembe.

"Umeitoa wapi?" Mwamini, mkewe, aliuliza akikaa kwenye mivukuto.

"Kwa mtu."

"Mtu gani siku hizi anagawa tupa? Hata sabuni tunapanga foleni."

"Vuta, bibi wewe, moto unalala."

Alikuwa ameshasaga meno yote ya tupa, maana meno yakibaki chuma hupasuka. Cheche zake zilikuwa nyeupe, zimepasuka vichakavichaka. Akaiweka motoni hadi ikaiva, akaitoa, akainua nyundo.

Fundi Husseini alikuwa na desturi yake. Kabla ya kupiga chuma aligonga fuawe, lile pande la kufulia, likiwa tupu, mara mbili. Mwishehe hakuwahi kuifuata.

Fuawe ikalia: ko, ko.

Mwamini aliacha kuvuta. "Umegonga?"

Nyundo ya Mwishehe ilikuwa bado juu ya kichwa chake.

"Nimegonga," alisema Mwishehe.

Alipokwisha kukifua kisu, alikizamisha katika mafuta ya nazi, kisha akakipasha moto taratibu hadi kikawa na rangi ya nyasi kavu. Kikakata kamba mara mia, kikakata mia mbili. Akakipiga kwenye mfupa, mahali ambapo chuma cha tupa humeguka. Hakikumeguka. Mwishehe alicheka peke yake kama mwendawazimu.

Kesho yake alikuta ubavuni mwa kisu mistari myembamba iliyopishana. Akaisaga. Siku ya pili ilirudi. Siku ya tatu alipopitisha kidole, kilichubuka. Yalikuwa meno.

"Kinarudi kuwa tupa," alisema Mwamini.

"Chuma hakina kumbukumbu."

"Mwambie mwenyewe, basi. Unadhani siijui tupa ya Fundi Husseini? Nilikuwa nampelekea uji mzee yule, nayo iko mapajani mwake."

Mwishehe alikifunga kisu kwa kitambaa, akachechemea hadi mahameni. Alikichomeka kichwani mwa kaburi, katika tundu lilelile, nalo likakibana kama mkono. Alipogeuka, akasikia kutoka chini ya udongo: ko, ko.

Hakukimbia. Mguu haukuruhusu.

Ijumaa adhuhuri lori la Damiani, mchukuzi wa mihogo, lilipiga honi mlangoni.

"Shikamoo mzee! Una mzigo wa Kibaha?"

"Marahaba. Ngoja kidogo."

Alimalizia kuandika: *Chuma cha tupa hushika makali kuliko springi, hata mara tano. Nimekipima mwenyewe. Lakini kisu ninachowaletea ni cha springi, kwa sababu ile tupa ina mwenyewe na nimemrudishia. Mkinikataa kwa hilo, mnikatae.*

Alilamba gundi ya bahasha, akailaza juu ya fuawe na kuigandamiza kwa kidole gumba. Halafu mkono wake, bila yeye kuutuma, ukaigonga fuawe mara mbili.

Mwamini alimtazama. Mwishehe akachukua bahasha na kisu cha springi, akampa Damiani dirishani, na lori likaondoka.